Joho Ambalo Sikulishona

Wasomaji wangu, mliniacha jikoni, mwiko mkononi, wazee wa kanisa wamejazana sebuleni kwangu wakinywa chai yangu huku wakipanga pa kunitupa.

Kwa wewe uliyechelewa, nikusogeze kidogo. Mimi ni mke wa mchungaji. Soko letu lilivunjwa na Mheshimiwa, mbunge wetu, anayetaka pajengwe kituo chake cha mafuta. Akina mama waliokuwa wakiuza pale walibaki barabarani na magunia yao, mume wangu akawafungulia ukumbi wa kanisa wapate pa kulala. Jumapili iliyofuata akapanda mimbarini akahubiri habari za nabii Nathani na yule mfalme aliyechukua cha maskini. Hakutaja jina la mtu. Hata watoto wa shule ya Jumapili walijua mfalme ni nani.

Basi ndiyo wazee wakaja.

Aliyefungua mdomo kwanza ni mwenyekiti wao, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Kufuli, maana funguo zote za kanisa zinaning'inia kiunoni mwake. Za ofisi, za ukumbi, za choo, hata za kabati la vikombe vya ushirika. Mzee huyu akifika mbinguni, cha kwanza atamtaka Petro amkabidhi funguo.

"Mchungaji," alisema huku akipuliza chai, "kanisa si jukwaa. Siasa waachie wanasiasa. Sisi kazi yetu ni roho za watu."

"Hizo roho zina miili, mzee," mume wangu alimjibu. "Na miili yenyewe imelala sakafuni pale ukumbini."

"Ya Kaisari mwachie Kaisari."

"Soko halikuwa la Kaisari. Lilikuwa la wale akina mama."

"Unaona? Siasa hiyo! Ndiyo hiyo hiyo!"

"Kwani Nathani alikuwa mwanasiasa?"

Mzee Kufuli akaweka kikombe chini, akajifuta masharubu. "Nathani hakuwa anakaa nyumba ya kanisa."

Wenzake wakacheka ile ya puani. Nilisimama mlangoni na birika, nikatamani kuwamiminia vichwani, ila birika nalo ni la kanisa.

Sitanii. Kitanda tunacholalia kina namba ya kanisa, imepigwa rangi nyeupe chini ya ubao. Meza ina namba, viti vina namba, ndoo ya kuogea ina namba. Nilichokuja nacho mwenyewe ni cherehani yangu na watoto wangu, na hao watoto, Mzee Kufuli angeruhusiwa, angewapiga namba pia.

"Neno moja," alisema akiwa ameshasimama. "Neno moja tu la siasa likisikika tena kwenye kipaza sauti chetu, siku hiyo hiyo funguo za nyumba hii nazitaka mkononi. Mtalala mtakapolala."

Wakaondoka. Mkate wote waliumaliza.

Sasa nisikilizeni, maana kuna msomaji kapiga simu gazetini kusema mimi ndiye ninayemchochea mume wangu. Msomaji wangu, ulikosea namba! Mimi siku zote nilikuwa upande wa kunyamaza. Mchungaji kwangu ni wa kubatiza, kufungisha ndoa na kuzika, akimaliza arudi nyumbani ale. Na siku ile nilimwambia, tena kwa sauti.

"Baba watoto, waache. Omba samahani, yaishe."

"Niwaangalieje wale akina mama nikinyamaza?"

"Kama unavyowaangalia siku zote. Na macho."

"Mke wangu, kuna mambo mtu hawezi kuyafumbia mdomo."

"Haya. Leo unasema la kweli, tumekusikia. Je, kesho mwenzako akisimama hapo hapo akasema la kununuliwa? Kipaza sauti ni kile kile, joho ni lile lile. Sisi tuliokaa kwenye benchi tutawajuaje?"

Alicheka. Mnajua wanaume wanavyocheka wakiona swali ni la jikoni.

"Mimi ninunuliwe?" akasema. "Mimi?"

Nikaosha vikombe. Ushujaa wa mtu ambaye hajawahi kuhamisha hata sufuria ni mzuri sana kuutazama, ila nilijua kamba ya kufungia godoro ningeitafuta mimi.

Siku mbili baadaye, mchana kweupe, gari jeusi la vioo vyeusi likasimama mlangoni. Dereva hakushuka. Alishusha kioo kidogo, kiasi cha pua, akasema Mheshimiwa anamhitaji mchungaji kwa mazungumzo ya kawaida.

Nilishika fremu ya mlango. "Usiende."

"Naenda kumwambia usoni," mume wangu alisema, akachukua Biblia yake kubwa, ile ya mazishi.

Nilishona mchana kutwa bila kujua ninachokishona. Niliunga mkono wa shati kwenye shingo, nikafumua, nikaunga tena palepale. Mashemasi wawili wakaja kuniuliza kama kuna habari, nikawaambia habari wakaulize funguo za mwenyekiti wao.

Alirudi jua likiwa bado lipo. Biblia iko kwapani, amebeba mfuko wa karatasi ngumu wenye kamba za hariri, na ananukia marashi ambayo si yetu. Anaimba polepole, tena pambio la furaha.

"Umemwambia usoni?"

"Tumezungumza kama watu wazima."

"Ndiyo kusema?"

"Ndiyo kusema usiwe na wasiwasi, mama. Hatuhami."

Aliuingiza ule mfuko kabatini, juu kabisa, nisikofika. Mimi nami, Mungu anione, sikuuliza ulikuwa na nini. Nilijua amekubali kunyamaza, na kunyamaza ndicho nilichokuwa nikikililia. Nilipika vizuri. Nililala usingizi wa mtoto aliyenyonya akashiba. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wangu niliuona umepona.

Jumamosi nikiwa kwenye cherehani, akaingia Mama Viatu bila hodi. Huyu ndiye kiongozi wa akina mama wa ukumbini, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba pale sokoni. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita wateja. Siku hiyo sauti haikuwepo.

"Mama Mchungaji, tumekukosea nini?"

"Mimi?"

"Tumetolewa ukumbini. Kesho Mheshimiwa anakuja ibadani, analeta mabati ya paa. Wamesema tukionekana tutatia aibu. Magunia yetu yako nyuma ya vyoo, na sisi tukae huko huko mpaka mgeni aondoke."

"Huyo Kufuli! Huyo mzee siku moja nitam..."

"Si Kufuli." Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma. "Kufuli alikuja kufunga mlango tu. Aliyetuambia tutoke ni mumeo."

Nilimkuta ofisini kwake kanisani akipiga mluzi, anafuta vumbi kiti kikubwa cha wageni.

"Mchungaji," nikamwambia. Nikimwita Mchungaji tukiwa wawili, anajua.

"Ni kwa siku moja tu, mama."

"Nyuma ya vyoo?"

"Kuna kivuli pale."

"Wewe uliyesema huwezi kufumbia mdomo!"

"Siasa ni kujua wakati," alisema, na hakuniangalia. "Nathani naye alingoja wakati wake."

"Nathani hakupewa mfuko."

Akaendelea kufuta kiti. Nilitoka mle nikiwa nimesahau nilichotaka kusema, nikakikumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani.

Ikawa Jumapili.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mheshimiwa aliketi mbele kabisa kwenye kile kiti, meno yote nje, maana kulikuwa na mpiga picha. Pembeni yake Mzee Kufuli, amesugua funguo zake mpaka zinang'aa.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa, mume wangu akatoka.

Wasomaji wangu, tangu tuoane hakuna joho alilovaa mtu yule ambalo halikupita kwenye cherehani yangu. Najua bega lake la kushoto limeshuka, huwa nalinyanyua kwa pedi ndogo asionekane amepinda. Joho alilotoka nalo siku ile sikulishona mimi. Lilikuwa la zambarau, lina nyuzi za dhahabu kifuani na mikononi, linang'aa kama karatasi ya peremende. Bega la kushoto limening'inia. Ndipo nikajua kilichokuwa ndani ya mfuko.

Kwenye matangazo, Mzee Kufuli akasimama. "Mgeni wetu atatusalimu tu, dakika mbili, halafu tuendelee na neno la Mungu."

Dakika mbili za Mheshimiwa zilimaliza betri ya kipaza sauti, ikabidi wabadilishe. Alisalimu barabara aliyoahidi. Alisalimu visima. Aliwasalimu wapinzani wake kwa kuwaita vyura. Akamaliza kwa kusalimu siku ya kupiga kura na alama ya chama chake. Nikamtazama Mzee Kufuli nione kama masikio yamemsimama. Anapiga makofi.

Nikajipa moyo. Nikasema, basi, huyo ni mgeni, tumwache. Mume wangu atahubiri juu ya upendo tushuke salama.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

"Wapendwa," mume wangu alisema, "wengine wananiambia mchungaji asiseme mambo ya nchi. Mimi nawaambia, mchungaji asiposema, nani ataseme... nani atasema?" Aliuma ulimi hapo, si mzoefu wa kazi hiyo. "Mungu huinua mtu kwa wakati wake. Na mtu huyo tunaye leo. Ameketi hapa. Mkienda kupiga kura mkumbuke nani aliyewaezekea nyumba ya Bwana."

"Amina!" Mzee Kufuli alipaza sauti mpaka mate yakamtoka. Mzee yule yule! Kwenye kipaza sauti kile kile! Ya Kaisari yalikuwa yameletwa madhabahuni, yamevalishwa zambarau, na mwenyekiti wetu wa roho za watu anayatikisia kichwa. Kumbe siku zote neno siasa lilikuwa jina la maneno asiyoyataka yeye.

Nilimdharau mzee yule, lakini hilo halikuwa geni. Geni lilikuwa kumdharau yule mwenye bega la kushoto. Sikuwahi. Nilishawahi kumkasirikia, kumnunia, kumfichia viatu. Kumdharau ndiyo mara ya kwanza, na niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo.

Kisha akatangaza, kama kila Jumapili: "Sasa Mama Mchungaji atatuongoza katika maombi ya akina mama na watoto."

Hapo lazima niwaeleze utaratibu wetu. Kanisani kwetu mtu akianza kuomba, wote husimama na kufumba macho. Hakuna kutembea. Hakuna kufumbua. Na juu ya yote, hakuna kumkatiza anayeomba mpaka yeye mwenyewe afunge kwa jina la Yesu. Kila akitua, watu huitika amina. Sheria hiyo aliitunga Mzee Kufuli mwenyewe, na kuna mwimbaji aliyemtoa kwaya kwa kukimbilia chooni katikati ya maombi.

Mimi maombi yangu huwa mafupi. Wagonjwa, wajawazito, wanafunzi, tukae.

Nikapanda. Mume wangu akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza, "Mtaje mgeni."

"Nitamtaja," nikamwambia.

Wakasimama. Wakafumba. Mheshimiwa naye akafumba, kichwa kimeinama vizuri kuelekea kwa mpiga picha.

"Baba Mungu, tunakushukuru kwa mgeni wetu."

"Amina!"

"Umembariki kwa magari."

"Amina!"

"Umembariki kwa viwanja, Baba, vingi."

"Amina!" Mheshimiwa mwenyewe aliitika kwa nguvu kuliko wote.

"Na kile cha soko, ambacho hukumpa wewe, alikichukua mwenyewe."

"Ami..."

Nusu ya kanisa iliitika kwa mazoea, nusu ikamezea njiani. Amina ya Mheshimiwa ilikuwa imeshatoka, nzima, yenye mwangwi. Nilifumbua jicho moja. Shingo yake ilikuwa imekakamaa, ila macho bado kafumba, maana kamera ilikuwa inawaka.

"Baba, wakumbuke mama zetu waliokuwa wakilala ukumbini kwako, ambao sasa hivi ninapoomba wako nyuma ya vyoo."

Na hapo, wapendwa, ikaja amina nisiyoitegemea. Ilitoka nje, kupitia madirisha ya nyuma, sauti ya kuita wateja. "AMINA!" Ikafuatwa na nyingine, na nyingine, mpaka vioo vikatetemeka.

Ndani nao wakashika moto. Watu waliofumba macho hawaonani, kila mmoja anadhani aliyeitika ni jirani yake, kwa hiyo haogopi.

"Wasamehe wazee wetu, wanaosema siasa isiingie kanisani, kisha wanaifutia kiti."

"Amina!"

Mzee Kufuli akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha kuku aliyemeza punje mbaya. Sheria yake ilikuwa imemfungia ndani na ufunguo anao mwenyewe. Hawezi kunikatiza. Hawezi kutembea. Akafanya alichoweza. Alifumbua jicho, akapapasa kiunoni, akachomoa ufunguo mmoja na kuuinua juu nione. Niliujua. Ni ule wa akiba wa mlango wangu wa mbele, wenye kitambaa chekundu nilichoufungia mimi mwenyewe usipotee.

Nikaona kitanda chetu. Nikaona watoto na mablanketi. Siwadanganyi, ningeweza kusema kwa jina la Yesu nikashuka zangu.

"Na msamehe mtumishi wako," nikasema, na sauti ikanikatika hapo, maana nilitaka kuwa mkali na kilichotoka ni kilio. "Alikuwa na joho la kawaida, Baba. Lilimkaa vizuri. Sikuwa na zuri zaidi la kumpa. Mrudishie lile la zamani, hata kama tutalivalia barabarani."

Hakuna aliyeitika, ndani wala nje. Nilisikia kinanda kikivuma chenyewe bila kuguswa.

Nilikuwa sijafunga maombi bado. Macho yote yalikuwa yamefumbwa, isipokuwa langu, la Mzee Kufuli na ufunguo wake, na mawili ya mume wangu. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipo, amenikodolea. Nimeishi na uso ule miaka yote, na siku ile sikuweza kuusoma.

Akaja. Joho lilikuwa likikwaruza sakafu, ni refu kwake. Akanishika mkono, ule wenye kipaza sauti, akaukaza, akanitoa kidole kimoja kimoja mpaka akakichukua.

Mheshimiwa akachungulia kwa jicho moja, akashusha pumzi. Mzee Kufuli akashusha ufunguo, tabasamu linamrudi.

Mume wangu akamtazama Mheshimiwa, akanitazama mimi, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Msifumbue macho," alisema. "Maombi hayajafungwa. Mimi bado sijaomba."